Dawati la Tichaa: Vyumba tisa, watoto 78 na kipindi cha dakika 40

Wadau wa dawati, habari za wiki. Mwezi huu meseji zimeniingia nyingi za kitu kimoja, ule ubao wa kuchagua kwenye hisabati, sijui kuna semina imepita huku Kusini au vipi maana ghafla kila mtu anauliza. Kwa ambaye hajakutana nao, mwalimu anachora mraba wenye vyumba tisa, ubaoni au kwenye manila, kila chumba kina kazi yake ya hesabu halafu mtoto anachagua atafanya zipi. Bas, ndo huo. Nimetoa barua tano, nyingine zinafanana fanana. Mimi nilifundisha la tatu na la nne kule Masasi mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakayosema yana vumbi la chaki, mwenye projekta atanisamehe.

Shikamoo Tichaa. Mimi ni mwalimu wa la nne wilaya ya Newala, darasa langu lina watoto 78. Kwenye mafunzo yetu ya MEWAKA (yale mafunzo endelevu ya walimu kazini) mwenzetu mmoja alituonesha ubao wa kuchagua nikaupenda sana, nikarudi nikatengeneza wa sehemu, yaani nusu, robo, theluthi, vyumba tisa vyote vimejaa, manila nimenunua kwa hela yangu. Siku ya siku nikawaambia chagueni kazi tatu mnazozitaka. Yaani ilikuwa vurugu. Karibu wote walikimbilia chumba cha kuchora chapati na kupaka rangi, na rangi zenyewe nilikuwa nazo pakiti mbili, chumba cha mafumbo hakikuguswa na mtu, halafu kengele ikalia hata moja hawajamaliza. Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani. Hii kitu ni ya shule za wazungu zenye watoto 20 au mimi ndo nimekosea? (Mwalimu wa la nne, Newala)

Marahaba mwanangu, na pole kwa hela ya manila, hiyo inauma kuliko vurugu yenyewe.

Kweli wazo limetoka Marekani. Lipo ndani ya ule ufundishaji unaokubali kwamba watoto wa darasa moja hawalingani, na mmoja wa walioupigia debe sana ni profesa Carol Ann Tomlinson wa Chuo Kikuu cha Virginia. Madarasa yao madogo, sikatai. Ila ulipoteleza wewe hapahusiani na 78. Uliteleza kwenye neno moja tu, "mnazozitaka". Mtoto wa miaka kumi ukimwambia chagua unachotaka atachagua rangi, mimi mwenyewe ningechagua rangi.

Unaujua ule mchezo wa X na O, vyumba tisa, ukipata tatu mstari mmoja umeshinda? Vile vyumba tisa asili yake huko. Mtoto hachagui kazi tatu popote, anachagua mstari. Hesabu mistari: ya kulala mitatu, ya kusimama mitatu, ya kona kwa kona miwili, jumla 8. Sasa weka sharti la pili, kila mstari lazima upite chumba cha katikati. Imebaki minne tu. Na hapo ndo utamu ulipo, ngoja nikuoneshe.

Vipe vyumba namba kama batani za simu ya kitochi, 1 2 3 juu, 4 5 6 kati, 7 8 9 chini. Katikati ni 5. Mtoto akianzia 1 akapita 5 ataangukia 9, hana ujanja. Akianzia 2 ataangukia 8, akianzia 3 ataangukia 7, akianzia 4 ataangukia 6. Umeona? Ni zile jozi zinazotimiza kumi unazowaimbisha watoto tangu la kwanza. Maana yake wewe unayepanga ubao unapanga jozi nne, hupangi kazi tisa. Ile kazi wanayoipenda kufa iweke 1, ile wanayoikimbia iweke 9. Anayetaka kazi ya 1, tuseme ni kukunja karatasi, sawa akunje, lakini mlango wa kutokea ni 9 na huko kuna kazi. Mtoto anaona amechagua mwenyewe, na kweli kachagua, ila njia zote nne zinafika sokoni.

Wangu wa sehemu nilioutumia miaka ya mwisho ulikuwa hivi, uchukue ukarekebishe. Lengo moja tu, kulinganisha sehemu, ipi kubwa ipi ndogo. Sikuchanganya na kujumlisha, kujumlisha kuna wiki yake. Katikati, ambapo kila mtu anapita: "Ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Chora, halafu andika sentensi mbili kwa nini." Chumba 1 kukunja vipande vinne vya karatasi vinavyolingana, kimoja nusu, kimoja robo, kimoja sehemu nane, kimoja theluthi, na mwenzake 9 kupanga 1/2, 1/8, 1/3 na 1/4 kuanzia ndogo bila karatasi ya kukunja. Chumba 2 kisa kifupi cha mama anayegawa fungu la ming'oko (ile mizizi ya porini inayoliwa) kwa watoto watatu na jirani yake anayegawa fungu kama hilo kwa watoto watano, mtoto wa nyumba ipi kala zaidi, na mwenzake 8 ni kutafuta kosa: mwanafunzi kasema 1/6 ni kubwa kuliko 1/5 kwa sababu 6 ni kubwa kuliko 5, mwandikie kumwelewesha. Chumba 3 karata za sehemu wachezao wawili, kila mmoja anafunua moja, mwenye kubwa anachukua zote mbili, na mwenzake 7 kuzipanga karata hizo hizo kwenye mstari wa namba. Chumba 4 uzi wa mita moja wa kukata robo na theluthi, na mwenzake 6 kutunga fumbo lako la kulinganisha, na jibu lake nyuma ya karatasi.

Hicho chumba cha uzi zamani kilikuwa cha muhogo. Nilidhani nimefanya la maana, muhogo upo, bei rahisi, wakimaliza wanakula. Nikawaambia pimeni kwa rula mkate vipande vinne sawa. Kijana mmoja mkimya sana akaja na vipande vyake mkononi akavipanga mezani kwangu, akasema mwalimu urefu ni sawa lakini huyu wa mkia kapunjwa. Nikaviangalia, kweli, cha kichwani kinene kama ngumi na cha mkiani kama kidole. Nilikuwa nimewafundisha miaka yote kwamba urefu ukilingana basi sehemu zinalingana, na muhogo ukanisuta mbele ya darasa. Siku hiyo tuliacha ubao wote tukaongea hilo hilo mpaka kengele. Baadaye nikahamia uzi, ila kama unataka watoto wabishane kuhusu maana ya neno "sawa", muhogo hauna mpinzani.

Na chapati, mwalimu, naomba uitoe. Chapati ni adui wa theluthi. Nusu na robo inakubali, lakini mpe mtoto duara aligawe mara tatu uone, atapiga mistari miwili ya kusimama na kipande cha katikati kitakuwa kikubwa kuliko vile vya pembeni, halafu anapaka rangi vizuri kabisa kosa lake. Tumia mstatili, mkanda wa karatasi, mkeka, chochote chenye pande zilizonyooka.

Muda sasa. Kazi tatu ndani ya dakika 40 haziingii, usijisumbue. Ubao wangu mmoja ulikaa wiki nzima. Jumatatu na Jumanne nafundisha kama kawaida, hakuna kuchagua. Jumatano wote wanafanya cha katikati. Alhamisi upande mmoja wa mstari, Ijumaa upande wa pili. Na wachague wawili wawili, hapo unakuwa na chaguo 39 badala ya 78, kelele zinashuka zenyewe na karata zinatosha.

Kusahihisha ndo kunakoua walimu wengi wanaojaribu hii kitu. Ukikusanya madaftari 78 ukatumia dakika mbili kila moja hiyo ni saa 2 na dakika 36, na hapo hujapika. Mimi nilikuwa nakusanya cha katikati peke yake, nasoma zile sentensi mbili tu, nusu dakika inatosha kujua nani kaelewa na nani kakariri. Vyumba vingine wanasahihishana, majibu nimebandika nyuma ya mlango, ukimaliza unaenda kuangalia. Kuna watakaoangalia kabla? Wapo. Lakini cha katikati kinawaumbua, maana sentensi ya "kwa nini" haipo nyuma ya mlango.

Mwalimu wa jirani akija tena dirishani mwambie aingie.

Habari Tichaa. Mimi mzazi, nipo Mikindani, mwanangu yupo la tatu. Juzi namuuliza leo mmesoma nini hesabu, ananiambia tumecheza bao. Nikasema labda mapumziko, anasema hapana mama kwenye kipindi, nilichagua chumba cha bao. Sasa mimi nalipa hela ya tuisheni mtoto aende shule kucheza bao kama wazee wa barazani? Huyo mwalimu ni mvivu au kuna kitu sikielewi? (Mama wa wawili, Mikindani)

Dada yangu, kabla hujaenda shule kumuaibisha mtu, jioni ya leo nenda hapo barazani umuombe mzee mmoja akufundishe bao dakika kumi tu. Halafu urudi uniambie kama hukuhesabu.

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kila mchezaji anamiliki 16 ya upande wake. Kete ni 64. Gawa kwa wawili, 32 kila mtu. Bao la Kiswahili lenyewe, lile la kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja kila zamu, unaanza na kete 10 tu ubaoni, sita zinakaa kwenye shimo linaloitwa nyumba, mbili shimo la jirani na mbili linalofuata, 22 unabaki nazo mkononi. Hapo kwenye kupanga peke yake mtoto kashafanya kugawanya, kujumlisha na kutoa na hajalalamika hata kidogo. Akianza kutembeza, yule mchezaji mzuri haendi kwa kubahatisha, anaangalia shimo lina kete tano anajua mkono utaishia wapi kabla hajazichota. Ukichota kete 16 ukazigawa moja moja kuzunguka mashimo yako 16 ya mwisho inaangukia pale pale ulipoanzia. Mtoto wa la tatu akiligundua hilo mwenyewe, jedwali la kuzidisha kwa nane litamwingia kuliko fimbo ingelimuingiza.

Ila una haki ya kuuliza na swali lenyewe ni hili: baada ya bao aliandika nini? Chumba cha bao kama kinaishia kwenye kucheza tu basi ni mapumziko kweli, hapo niko upande wako. Kama mwalimu anajua kazi yake, chumba hicho kina swali chini yake, kwa mfano "andika kete zilizobaki mkononi kila baada ya zamu, kuanzia 22". Fungua daftari la mwanao. Ukikuta safu ya namba inashuka 22, 21, 20, tulia, kitu kinaendelea. Ukikuta ukurasa mweupe nenda kamsalimie mwalimu, kwa upole, mwambie mwanangu kalipenda somo naomba kuona kazi yake. Ataelewa.

Na mwanao alichagua mwenyewe bao kati ya vyumba vingine. Umemuuliza kwa nini? Mimi ningemuuliza.

Mwalimu, salaam. Ninaongoza shule ya msingi Nachingwea. Walimu wangu wawili vijana wanataka kuanza mbinu ya ubao wa chaguo. Hofu yangu ni mbili. Kwanza wathibiti ubora wakija wakakuta kila mtoto anafanya lake, andalio la somo litasomekaje? Pili upimaji wa kitaifa wa darasa la nne karatasi ni moja, haina chumba cha kuchagua. Naomba ushauri. (Mwalimu Mkuu)

Mkuu, salaam. La andalio ni jepesi. Lengo linaandikwa moja, lile lile la siku zote, na kazi ya katikati ndo inaandikwa kwenye sehemu ya upimaji. Vile vyumba vingine ni shughuli za mwanafunzi, vinaandikwa kwa mstari mmoja mmoja. Mthibiti akiuliza mtoto huyu na yule wanafanya nini, jibu ni moja, wanalinganisha sehemu. Kama mwalimu wako hawezi kutoa jibu la namna hiyo kwa sentensi moja, basi huo ubao haujaiva, mrudishe akaupange upya, na hili usilione aibu kumwambia maana nimeona ubao una chumba cha saa, chumba cha pesa, chumba cha pembe na chumba cha kuimba, sasa hapo mtoto anatoka na nini?

La mtihani una haki nalo zaidi. Ubao huu haufundishi mada mpya. Hapa vijana wengi wanakosea, wanausoma kwenye simu wanadhani unachukua nafasi ya mwalimu kusimama na chaki. Mada mpya inafundishwa kwanza, kwa wote, na mifano. Ubao ni wa kufanyia mazoezi kitu ambacho tayari kimeeleweka nusu. Na ukikaribia upimaji punguza kuchagua taratibu, cha katikati kiwe na maswali matatu badala ya moja, kisha matano, vyumba vya pembeni vibaki viwili, mpaka wiki za mwisho mtoto anakaa na karatasi tupu kama atakavyokaa siku yenyewe. Asiyezoea kukaa kimya na swali alilopangiwa na mtu mwingine ataumia siku hiyo, na hatutamlaumu mtoto.

Waache waanze Mkuu, ila darasa moja kwanza, muhula mmoja.

Tichaa mambo. Nafundisha la pili huku Kilwa, kijijini pwani. Sina manila, fotokopi ipo mbali na ni ya kulipia, na watoto wangu nusu hawajajua kusoma vizuri, sasa nikiandika maelekezo kwenye vyumba tisa nani atayasoma? Au hii ni ya madarasa ya juu tu? (Madamu wa la pili)

Poa madamu. Sahau tisa, tisa ni ya wanaosoma. Wewe chora vyumba vinne, kama dirisha, kwa chaki sakafuni au kwa kijiti nje kwenye mchanga, na kila chumba kina picha badala ya maneno. Mkono, maana yake utajenga kwa vitu. Jicho, utachora. Mdomo, utamwambia mwenzako. Mguu, utaruka.

Kazi ni namba moja ya siku, tuseme 47. Wa mkono wanafunga vijiti mafungu manne ya kumi kumi, halafu vijiti saba vya peke yake. Wa jicho wanachora hayo hayo kwenye daftari. Wa mdomo wanakaa wawili, mmoja anafikiria namba iliyo karibu na 47 mwingine anauliza "ni kubwa au ndogo" mpaka aipate. Wa mguu wanaruka kwenye mstari wa namba uliochorwa mchangani, kumi kumi mara nne halafu moja moja mara saba, na hao uwaweke mbali kidogo na ofisi ya mkuu hahaha. Mwisho wote wanarudi ndani wanaandika 47 ni makumi mangapi na mamoja mangapi, hicho ndo chumba chako cha katikati hata kama hakionekani.

Kuchagua wafanye kwa vizibo vya soda. Kila mtoto ana kizibo chake, anaenda anakiweka kwenye picha anayoitaka. Weka sheria, chumba kikifika vizibo kumi na mbili, kumi na tano, kutegemea idadi yako, kimejaa, atafute kingine. Watalia siku ya kwanza. Siku ya tatu utawasikia wenyewe wanahesabu vimebaki nafasi ngapi kabla hawajaenda, yaani tayari ni hesabu ya kutoa. Na vile vizibo usiviokote haraka, vipange mistari minne wima waone mstari upi mrefu, hiyo ni takwimu umewapa bure bila kipindi cha takwimu.

Mtoto ambaye hajui kusoma usimfiche kwenye chumba cha kuchora kila siku ukadhani unamsaidia. Mpeleke cha mdomo, kule ndo utamsikia anafikiria nini.

Tichaa shikamoo, mimi mwalimu wa kujitolea Tandahimba, nina miezi minne tu kazini. Nina maswali mawili ya haraka. Kuna mtoto akianza ubao anamaliza kila kitu dakika tano anaanza kusumbua wenzake, na kuna mwingine kila wiki anachagua mstari ule ule wa kazi nyepesi. Nifanyeje? Halafu la tatu, msimu wa korosho watoto wananikimbia, wiki hii yupo wiki ijayo hayupo, ubao wa wiki nzima utafanyaje kazi? (Mwalimu wa kujitolea)

Marahaba mdogo wangu, hayo uliyoita mawili ni matatu, haya tuyaondoe moja moja.

Anayechagua mstari ule ule usimkaripie. Weka alama. Nilikuwa na daftari dogo, jina la mtoto na batani aliyoanzia, wiki hii 4, wiki iliyopita 4, wiki ya juzi 4. Nikifika hapo namwita peke yake, namuonesha hizo 4 zilizojirudia mara tatu, namwambia wiki ijayo 4 imefungwa kwako, mistari mitatu iliyobaki chagua. Bado anachagua. Mara nyingi utakuta anakimbia kusoma, hakimbii hesabu. Chumba 2 chenye kisa kinamtisha, msomee kisa kwa sauti uone kama hatakokotoa.

La korosho mimi nakuambia usishindane nalo, huwezi kushinda Oktoba na Novemba, familia nzima ipo shambani. Hapa ubao unakufaa kuliko somo la kawaida. Mtoto aliyekosa Jumatano na Alhamisi akija Ijumaa anakikuta cha katikati bado kipo ukutani, anaanzia hapo, hujalazimika kurudia somo zima kwa ajili yake. Na ubao wa miezi hiyo uwe wa korosho yenyewe. Kilo 37 mara shilingi 3,000 ni ngapi, toa makato ya shilingi 200 kwa kila kilo, mzee anapeleka ngapi nyumbani? Namba hizo nimezitunga, wewe tumia bei ya mnada watakayokuja nayo watoto, wanaijua kuliko wewe. Chumba cha kupima, leta bakuli na mzani kama unaweza kuazima, wajaze korosho bakuli lile lile mara tatu wapime kila mara, moja wakijaza kawaida, moja wakitikisa, moja wakiweka mlima juu. Uzito hautalingana. Usiseme neno kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa bakuli nje ya mnada, watalisema wao, hakuna mtoto wa Tandahimba asiyejua mtu aliyeuza korosho zake kwa bakuli kabla ya mnada kufunguliwa. Mwenzake wa chumba hicho, upande wa pili wa 5, ni kuandika bakuli tatu hizo zilitofautiana gramu ngapi na kwa bei ya leo ni shilingi ngapi. Nimeona watoto wasiopenda hesabu kabisa wakiifanya hiyo wamekunja sura kama makarani wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima.

Huyu wa dakika tano sasa. Kwanza hakikisha kweli kamaliza, soma sentensi zake mbili za katikati, wenye haraka wengi wanaandika "kwa sababu ni kubwa" wakaona imetosha. Kama kamaliza kweli usimuongezee maswali kumi ya aina ile ile, hiyo ni adhabu ya kujua. Usimfanye msaidizi wako kila siku pia, naye kaja kusoma. Chukua chumba 6, futa kazi iliyomo, kiache kitupu, mwambie ajaze yeye kazi ambayo wenzake wataifanya wiki ijayo, yenye lengo lile lile la wiki na jibu awe nalo. Atarudi baada ya dakika mbili na swali la namba kubwa kubwa tu, milioni mara milioni. Mrudishe. Atarudi tena. Mara ya tatu au ya nne ndo ataanza kukaa chini kimya anatafuna kalamu, na hapo darasa lako limepata utulivu.